Tahadhari: Sidii za Queen zinazouzwa Tanga si za kweli

Ndugu wapenzi wa muziki wa roki wa Tanga na Muheza, jihadharini na muuzaji anayezunguka Ngamiani na Chumbageni, na pia kutangaza kwa WhatsApp, akiuza sidii anayodai kuwa ni rekodi adimu ya bendi ya Queen ikiimba jukwaani wimbo wa John Lennon uitwao "Imagine". Bei yake ni shilingi 40,000, tena anataka zitumwe kwa simu kabla hujasikia hata ubeti mmoja.

Anajua pa kutushika, kwa kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946 na huku pwani wengi wetu tunamhesabu kuwa wa kwetu. Isitoshe, uongo wake umeegemea ukweli: Lennon aliuawa kwa risasi New York usiku wa tarehe 8 Desemba 1980, na kesho yake Queen, waliokuwa na onyesho katika ukumbi wa Wembley Arena jijini London, wakauimba wimbo huo kumuenzi. Waliurudia mara chache tu katika ziara ileile ya Ulaya, na ndiyo maana rekodi yake inatafutwa sana.

Sasa itazameni sidii yenyewe. Jalada linasema "Live Aid 1985", ilhali katika tamasha hilo la tarehe 13 Julai Queen hawakuuimba kabisa. Picha ya Freddie akiwa na koti la njano ni ya ziara ya mwaka 1986. Nimeisikiliza nakala ya jirani yangu kwa makini: anayeimba ni Lennon mwenyewe, katika rekodi yake ya studio ya mwaka 1971, iliyopachikwa makofi ya watu, na mluzi mmoja unajirudia palepale kila makofi yanapoanza upya. Kazi ya ovyo, kusema kweli.

Wapo pia waliouziwa rekodi ya onyesho la Queen katika bustani ya Hyde Park, London, la tarehe 15 Julai 2005. Hilo ni la kweli, lakini Queen walikuwa na mwimbaji mwingine, Paul Rodgers, na Freddie alikwishafariki tangu mwaka 1991.

Anayeuziwa adai kusikilizishwa kwanza, na asitume fedha kabla. Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo yake na muuzaji huyo, kwani atavihitaji akienda kutoa taarifa polisi.