TAHADHARI: "Tairi laini za Japani" unazouziwa mtandaoni huenda ni tairi za theluji zilizosagwa maandishi

Ndugu zangu wenye Crown, Mark X, Premio na magari mengine ya saluni hapa Dar, kama miezi ya karibuni umenunua tairi za mtumba ukaambiwa ni "laini, hazina mlio, zimetoka kwenye gari la mkubwa wa Kijapani", naomba utoke nje na tochi kabla hujaendelea kusoma. Angalia ubavu wa kila tairi, hasa ule uliogeukia ndani. Tafuta neno STUDLESS. Kama hulioni, pitisha kidole utafute mahali ambapo mpira umesagwa, upana wa kama vidole vinne, halafu ukapakwa rangi nyeusi. Mimi nimelikuta kwangu, na kidogo linigharimu mzee wangu.

Naendesha Crown Royal, ile ya GRS182, saizi ya tairi 215/60R16. Gari hili nililinunua kwa ajili ya baba. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na kila baada ya miezi miwili namtoa Morogoro namleta Dar kwa daktari, kisha namrudisha. Ni kama kilomita 190 kwa safari moja. Kwa mgongo wa namna ile tairi ngumu ni mateso, kila tuta analisikia mpaka shingoni, na mlio wa lami saa nne mfululizo unamchosha kuliko safari yenyewe. Kwa hiyo tairi za zamani zilipoisha kashata, ule mpira wa juu wenye mifereji unaokanyaga lami, sikutafuta za bei ya chini. Nilitafuta utulivu. Muuzaji alilijua hilo kwa kuwa nilimwambia mwenyewe, tena kwa kirefu, na hapo ndipo aliponikamatia.

Simtaji jina. Ukurasa wake ameshaufuta, namba haipatikani, na akirudi atarudi kwa jina jingine. Mshikeni kwa mbinu.

Ukurasa ulikuwa na picha za tairi mpya kabisa, zenye karatasi za kiwandani bado zimebandikwa. Ukiuliza bei anakutajia kubwa, anakuacha ugune, halafu anasema: "Lakini boss wangu, kwa mahitaji yako nina kitu bora kuliko hizo, mtumba safi wa Japani, kashata asilimia tisini." Bei ikawa 180,000 kila moja, 720,000 kwa zote nne. Akataka 200,000 ya kuzishikilia, kwa maelezo kwamba kuna mteja wa Arusha anazigombea. Namba aliyonipa haikuwa lipa namba ya duka, ilikuwa namba ya mtu, na jina lililotokea kwenye simu halikufanana na lolote kwenye ukurasa wake. Niliona. Nikatuma.

Kukutana nako hakukuwa dukani. Alinielekeza kwa fundi pancha kando ya barabara, saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaingia. Tairi zilikuwa zinang'aa mno na zinanuka dawa ya kung'arishia. Kisha akafanya kitu ambacho nawaomba mkikumbuke, kwa sababu ndicho kinachowanasa watu: alichukua kidole gumba changu akakibonyeza kwenye mpira. "Umeona inavyobonyea? Ya dukani haibonyei hivi. Hii ndiyo itakayombeba mzee bila kumtikisa." Na kweli ilibonyea. Mimi si fundi, nikaamini kwamba tairi laini mkononi ni tairi laini barabarani.

Alisimama juu ya fundi muda wote akimwelekeza upande gani wa tairi ukae ndani. Nilidhani ni umakini wa kazi. Nilipoomba risiti akasema mashine ya EFD iko dukani kwa bosi, kesho atanitumia. Hiyo kesho haijafika.

Siku za mwanzo gari lilikuwa tulivu kweli, nisiwadanganye. Nilimpigia baba simu kumwambia safari hii atalala njia nzima. Wiki ya tatu ukaanza mvumo, unaanza kwenye 60 na kufika 80 umejaa ndani ya gari. Kisha usukani ukawa mzito kujibu: unakata kona, gari linachelewa kidogo, kama linaogelea. Nikamlaumu fundi wa wiliba, nikarudia wiliba mara mbili, nikapima alaimenti. Hakuna kilichobadilika.

Halafu ikaja mvua. Tulikuwa tumepita Mlandizi, narudi Morogoro na baba amekaa nyuma, lami imelowa lakini maji hayajatuama. Lori la mbele likafunga breki. Mwendo wangu ulikuwa wa kawaida na nafasi niliyoacha ilikuwa ya kutosha, nina hakika nayo. Nikakanyaga. Gari likaendelea kwenda. Nilisikia pedali inatetemeka, breki zinafanya kazi yake, lakini chini hapakuwa na kitu kinachoishika barabara. Nilitoka kushoto nikaingia kwenye changarawe na tukasimama pale, ubavu wa lori uko usawa wa kioo cha baba. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hili gari breki zimekufa?"

Breki zilikuwa nzima. Nilipofika Tabata kwa fundi ninayemwamini akafungua tairi la kwanza, akaligeuza ndani nje, akalimulika. "Kaka, hizi zilikuja na gari au umenunua?" Tatu zilikuwa zimesagwa vizuri. Ya nne mashine ilikuwa imepita haraka, herufi STUDL zilibaki zikisomeka. Mwisho wa namba za DOT, zile za kiwandani ubavuni zenye tarehe ya kutengenezwa, ulikuwa 3814.

Studless ni tairi za theluji na barafu. Wajapani wa mikoa ya baridi huzifunga majira ya baridi wakazivua kukipata joto. Mpira wake umechanganywa ubaki laini hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, mahali ambapo mpira wa kawaida unakuwa mgumu kama ubao. Ndiyo maana unabonyea kwa kidole. Sasa uweke mpira huo juu ya lami ya Chalinze saa nane mchana: unalegea, unaliwa haraka. Tena kila kipande cha kashata kimekatwa mistari mingi myembamba ya kung'ata barafu, na kwenye lami ya moto vile vipande vinayumba vyenyewe, ndiyo ule usukani unaochelewa na ule mvumo. Kwenye lami iliyolowa na yenye joto breki yake ni ndefu kuliko ya tairi ya kawaida. Tairi hizi pia zina alama ya kuonyesha kashata ikifika nusu, na ikifika hapo Mjapani huziona hazifai tena kwa theluji. Kwao zimekwisha, lakini kwa macho yetu zina kashata nene. Ukiongeza miaka zaidi ya kumi tangu zitengenezwe, hapo ndipo "asilimia tisini" inapopatikana.

Neno likisagwa, bado kuna kitu ambacho watu hawa mara nyingi hawakigusi, kwa sababu wateja hatukijui. Baada ya saizi kuna namba na herufi. Kwa 215/60R16 za kawaida utakuta 95H au 95V. Ile 95 ni uzito, tairi moja inabeba kilo 690. Herufi ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi imejengewa: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Zangu zimeandikwa 95Q, na Q ni 160. Utasema barabara zetu nani anakimbia 160. Ni kweli, na mwendo wenyewe si hoja hapa. Q kwenye tairi ya gari ndogo kutoka Japani karibu kila mara inakuambia umeshika tairi ya theluji. Alama nyingine ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx. Hizo ni tairi nzuri sana, za viwanda vya heshima, kwa Hokkaido. M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, tairi nyingi za magari ya juu zinayo na si za theluji.

Tarehe isomeni wenyewe. Tarakimu nne za mwisho za DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3814 ni wiki ya 38 ya mwaka 2014. Na hili sikulijua: namba kamili yenye tarehe inaweza kuwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili DOT ipo lakini imekatika, haina tarehe. Ndiyo sababu muuzaji wangu alikuwa anachagua upande wa kuingiza ndani. Mwambie fundi azungushe tairi pande zote mbili ikiwa bado chini, mchana, kabla hata shilingi haijatoka. Akikataa au akianza kuharakisha, ondoka.

Kuna pia tairi vipara zinazochongwa upya kwa kisu cha moto. Hizo huwa na mifereji mipya lakini vile vigingi vidogo ndani ya mfereji, vinavyoonyesha milimita 1.6 ya mwisho ya kashata, vimekatwa au vimebaki juu sawa na kashata. Ukiona hivyo usibishane, usinunue.

Kuhusu utulivu wenyewe, maana najua wengi mnautafuta kama mimi, sehemu kubwa hainunuliwi kwa ulaini wa mpira. Inatoka kwenye urefu wa ubavu na upepo uliomo. 215/60R16 ina ubavu wa milimita 129. Wale wanaofunga rimu za inchi 18 na tairi 225/45 wanabaki na milimita 101, yaani wamejipunguzia karibu sentimita tatu za mto kati ya kiti na shimo, halafu wanatafuta tairi ya kuwarudishia. Fungeni saizi iliyoandikwa kwenye karatasi ya mlango wa dereva. Langu limeandikwa kPa 230, ambayo ni psi 33. Mafundi wengi wanajaza 40 "kwa sababu ya joto", gari linakuwa gumu kama toroli, mwenye gari anailaumu tairi. Na upepo upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi.

Viwanda vinatengeneza tairi za kutulia, na vinaziita hivyo: Primacy ya Michelin, Turanza ya Bridgestone, ADVAN dB ya Yokohama, ComfortContact ya Continental. Muuzaji akikuonyesha karatasi ya Ulaya yenye desibeli, ujue ile namba ni ya kelele inayosikika nje, gari likipita. Haipimi ukimya wa ndani. Kwenye karatasi ileile angalia kwanza herufi ya mshiko wa lami iliyolowa, A ikiwa bora kabisa na E ya mwisho. Mimi sasa naitazama hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Nimenunua nne mpya, saizi ileile, dukani, mchana, zenye tarehe ya mwaka huu, nimelipa kwa lipa namba yenye jina la duka na risiti ya EFD ninayo. Zimenigharimu karibu mara mbili ya zile. Baba amezipanda mara moja, alilala kuanzia Kibaha.

Polisi nimefungua jalada, RB ninayo, na picha za tairi zilizosagwa nimeziambatanisha kwenye malalamiko yangu Tume ya Ushindani. Kama wewe umeuziwa kwa mtindo huu, tafadhali usikae nayo moyoni, peleka na wewe, maana malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kuonekana ni ugomvi wa bei. Piga picha ya ubavu wa ndani, hifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yote kabla ukurasa haujafutwa. Mimi niliwahi picha za skrini tatu tu.

Watu wawili wameniomba niwauzie zile za zamani, mmoja wa kubebea mchanga, mwingine alisema atafunga nyuma tu. Nimewakatalia. Moja, ile yenye STUDL, nimeiweka stoo kama ushahidi. Nyingine tatu nimezichana ubavu kwa kisu pande zote mbili, fundi akishuhudia.