Kipima oksijeni cha mkononi: tathmini baada ya mwaka mmoja kwenye kijito cha Uluguru

Kwa mwaka mzima sasa, mimi na wenzangu sita wenye mabwawa ya perege kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, tumekuwa tukitumia kifaa kimoja cha mkononi kinachopima joto la maji, oksijeni iliyoyeyuka na pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Tulichanga fedha kwa sababu bei yake ilimzidi kila mmoja wetu, na tulikitafuta baada ya samaki wa kijito kinacholisha mabwawa yetu kuonekana alfajiri wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Simtaji mtengenezaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu aina hii yote ya vifaa.

Ubora wake mkubwa ni kuonyesha joto na oksijeni kwa pamoja. Katika usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, lakini yakifikia nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya 7.6 hivi. Wakati huohuo samaki, ambaye mwili wake hufuata joto la maji, huhitaji hewa nyingi zaidi kadiri maji yanavyopata joto, kwa hiyo hubanwa pande mbili. Tulipopima sehemu yenye kivuli cha miti na kisha sehemu ya chini ambako kingo zimelimwa hadi majini, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe, tofauti ya joto ilionekana hapohapo kwenye kioo, na majirani waliokuwa wakibishana nasi walijisomea wenyewe.

Mchana, hata hivyo, namba huweza kudanganya. Mbolea inayosombwa kutoka bustani za mboga hustawisha mwani, na mwani huo hutoa oksijeni jua likiwaka, kisha usiku huitumia sawa na viumbe wengine. Bwawa langu lililosoma vizuri saa tisa alasiri lilisoma chini ya miligramu 3 saa kumi na moja alfajiri. Bila kipimo cha alfajiri ningeendelea kulaumu chakula cha samaki. Ningependa pia wafugaji wenzangu wasijifariji kwa kumwona kambare yuko salama, kwa maana yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu na anaweza kuishi katika maji yaliyokwisha kuwaua kuyu na perege.

Kihisi cha oksijeni ni cha aina ya utando, nacho hutumia oksijeni kidogo kila kinapopima. Katika maji yaliyotulia ni lazima ukitikise taratibu, la sivyo namba hushuka yenyewe na utapata hofu isiyo na sababu. Ni lazima pia uingize mwinuko wa mahali ulipo kabla ya kukisawazisha, yaani kurekebisha usomaji wake, kwa kuwa hewa hupungua kadiri unavyopanda. Sisi tulikiacha kwenye sifuri kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa tuko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, kilitupa namba nzuri kuliko hali halisi. Kijitabu cha maelekezo kinataja jambo hili kwa mstari mmoja tu, ilhali kwa mtu wa milimani ndilo la kwanza kujua.

Upande wa pH ndio ulionisikitisha. Baada ya miezi minne kihisi chake kilianza kupotoka, na hata baada ya kukisawazisha kwa maji maalumu ya pH 4 na 7 hakikutulia zaidi ya siku mbili. Kasoro hii ni nzito kwa sababu sumu ya amonia, inayotokana na uchafu wa samaki, inategemea pH na joto: katika nyuzi 25, sehemu ya amonia yenye sumu haifiki asilimia 1 pH ikiwa 7, lakini huzidi theluthi moja pH ikifika 9. Kifaa chenyewe hakipimi amonia, hivyo pH isiyoaminika inakuacha gizani kabisa.

Upungufu mwingine ni kwamba hakihifadhi vipimo, na mvua za kwanza baada ya kiangazi hazisubiri mtu aamke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Mto Mara ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko kinacholundikana kwenye madimbwi husombwa na mafuriko ya ghafla, oksijeni ya mto ikashuka na samaki wakafa. Kwetu hakuna viboko, lakini majani yaliyooza, samadi na maji ya sabuni hukusanyika vilevile, na mafuriko mara nyingi huja usiku.

Kwa kikundi kitakachokubali kuamka alfajiri na kukisawazisha kila wiki, nakipendekeza kwa ajili ya joto na oksijeni. Kwa mfugaji mmoja mwenye bwawa dogo, kipimajoto cha kawaida na kuwachungulia samaki kabla ya jua kuchomoza vitamsaidia kwa gharama ndogo zaidi. Mchango wetu ujao utanunua dawa za kupimia amonia, na fedha zikiruhusu, kihisi cha kulala majini usiku kucha kuanzia Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika.