Rimu za mtumba: usome namba au ushike rula?

Geuza rimu, utakuta namba zimegongwa mgongoni, mfano 15x6J ET45. Hapo umeshajua kipenyo ni inchi 15, upana inchi 6, na uso unaokaa kwenye haba (kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa) uko milimita 45 kutoka katikati ya upana, kuelekea nje; hiyo ndiyo ET. Kwa upana na ET, naziamini namba kuliko mkono wangu. Rula hupotosha, kwa sababu upana huhesabiwa pale tairi linapokalia, ndani ya midomo. Ukipima ukingo hadi ukingo unazidisha karibu inchi nzima.

Lakini tundu la katikati mara nyingi halitajwi, na hapo ndipo watu wanapopoteza hela. Toyota Premio na Subaru Impreza nyingi zina nati tano kwenye duara lilelile la milimita 100. Tundu la rimu halisi ya Premio ni 54.1, la Subaru ni 56.1. Rimu ya Subaru itaingia kwenye Premio, ila itataka pete ya kuziba nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetemeka ukishika kasi. Ya Premio kwenye Subaru haiingii. Tafadhali pima tundu hilo kabla hujatoa pesa.

Duara la nati pia lipime. Penye matundu manne, pima hadi lile la mkabala, katikati kwa katikati. Penye matano, ruka moja: 95 ni duara la 100, karibu 109 ni la 114.3, kama la RAV4.