Breki safi, bushi zimeuawa: uzoefu wangu na gari-nyumba la zamani

Ningeandika haya mapema, lakini kila nikianza hasira inanipanda.

Gari-nyumba langu ni la zamani, limebeba kitanda, jiko na matangi ya maji, na mbele lilikuwa limeshalala. Ukikanyaga breki, pua inazama. Ukipishana na lori, upepo unalisukuma. Nikaamua kubadilisha mbele yote: springi nzito, shokapu, bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio ya mikono ya magurudumu), diski, pedi na mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopitisha mafuta ya breki. Vifaa nilinunua mwenyewe na sina neno navyo.

Neno langu ni kwa fundi. Nilimkuta gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, naye anakaza nati za bushi mpaka mwisho. Bushi za mpira hazikazwi hivyo! Unazishika kidogo tu, unashusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unakaza. Ukizikaza zikiwa zinaning'inia, gari likishuka mpira unajisokota, na utabaki umesokoteka hata gari likiwa limeegeshwa. Nikamwambia kwa upole, "Fundi, samahani, hizo si tungezikaza gari likiwa chini?" Hakuniangalia hata usoni. "Bosi, kazi yako ni usukani. Spana niachie mimi." Wasaidizi wake wakacheka. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Miezi michache tu, kila tuta likawa ngo, ngo, ngo. Fundi mwingine akaniita chini ya gari akanionyesha: mpira umechanika kulia na kushoto. Bushi mpya kabisa!

Sasa breki. Hapa lazima nimpe haki yake, maana ni fundi yuleyule wa kwanza. Aligundua mipira ya zamani imevimba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini kurudi ni kwa shida, ndiyo maana gurudumu moja lilikuwa linabaki limeshikwa na kuwaka moto. Akamwaga mafuta yote ya breki, kwa kuwa yakikaa muda mrefu hunyonya unyevu: DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kuporomoka hadi karibu 155. Akatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja baada ya jingine, bila haraka. Mteremko mrefu niliokuwa nikiushuka roho mkononi, sasa nashuka kwa gia ndogo, nagusa breki kidogo, na gari linatii.

Nilikuwa nimeamua kusema msimpe mtu huyu gari lenu kamwe. Nikiukumbuka mteremko ule, siwezi. Nikiikumbuka ile "kazi yako ni usukani", naweza tena. Pedi zikiisha pengine nitamrudia. Bushi hapana. Nyingine nimeshanunua, na atakayezifunga nitasimama naye mpaka magurudumu yaguse chini, acheke anayetaka kucheka.