Risasi za kuwindia bata bukini: ununue zipi kwanza

Unayejiandaa kuwinda bata bukini wa Kanada huko Marekani, usihangaike na bunduki mpya. Shotgun ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye chemba, yaani mahali risasi inapokaa, ya inchi 3 inatosha; hela iende kwenye risasi. Marisau, yaani punje za ndani ya risasi, yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi (ledi) sahau kabisa. Tangu 1991 ni marufuku nchi nzima kwa ndege wa majini: bata huokota changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, humeza na marisau yaliyozagaa, hufa kwa sumu, na tai akimla naye yumo hatarini.

Chaguo langu la kwanza ni risasi za punje za chuma, urefu wa inchi 3, saizi BB (alama ya punje kubwa). Ndizo za bei nafuu, kwa hiyo utamudu za mazoezi, na mazoezi ndiyo yanayomwepusha ndege kuruka na jeraha. Chuma ni chepesi, hupoteza kasi mapema. Ndiyo maana unachukua punje kubwa. Gramu 35 za BB zina punje kama 90. Za saizi namba 2, ambazo ni ndogo zaidi, zina zaidi ya 150 kwa uzito huohuo, nazo zafaa kwa bukini wadogo wanaoshuka karibu na bata bandia. Funga choki (kipande cha mdomo wa mtutu kinachobana mtawanyiko wa punje) ya kati, si iliyobana sana, kisha piga kadibodi ukiwa mita 35. Matundu yakiacha pengo la viganja viwili, badilisha choki au aina ya risasi. Jikoni, fuata unyoya uliozama nyamani; punje iko mwisho wake, na chuma huvunja jino.

Ya pili ni bismuthi: nzito kuliko chuma, tena laini. Kama umeachiwa bunduki ya zamani ambayo mtutu wake haukuundwa kwa chuma, nunua hii. Bei inauma.

Tungsteni naiweka mwisho, ingawa hupenya kuliko zote. Risasi chache tu ni bei ya boksi zima la chuma, na humshawishi mtu kupiga mbali. Za inchi 3.5 nazo ziache dukani. Teke lake litakufundisha kufumba macho.

Vyovyote utakavyochagua, bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu, ndiyo sheria. Bukini ni mkubwa, huonekana yu karibu kumbe bado, basi subiri uone miguu yake waziwazi. Aliyeanguka akiwa hai mmalizie kwanza, kabla hujamlenga mwingine.