Unga wa lishe wa "kurefusha wasichana": ladha ipo, urefu haupo

Unga huu, ambao muuzaji wa duka la dawa alituhakikishia kwamba utamrefusha binti yetu aliyekwisha kuvunja ungo, una ladha nzuri ya vanila na hukorogeka bila kuacha madonge, hata ukitiwa kwenye uji wa moto. Sifa zake zinaishia hapo. Msichana hurefuka kwa kasi zaidi kabla ya hedhi ya kwanza, na baada yake kwa kawaida huongeza sentimita 5 hadi 7 tu, kwa kuwa homoni ya estrojeni hufunga taratibu sehemu za gegedu (tishu ngumu kiasi lakini laini kuliko mfupa) zilizo karibu na ncha za mifupa, ambako mifupa hurefukia. Zikishafunga, hakuna kopo litakalozifungua. Lebo haisemi lolote kuhusu hilo, ingawa picha yake inaonyesha msichana mkubwa kabisa akipimwa kimo ukutani. Isitoshe, kiambato cha pili ni sukari, na unene uliopitiliza utotoni huhusishwa na balehe ya mapema, ambayo humfanya mtoto awapite wenzake kwa muda kisha aache kurefuka mapema. Kwa mtoto mdogo anayekosa protini ungeweza kusaidia kidogo, lakini dagaa, maharage na mayai hutosha, tena kwa bei nafuu. Nimeupa nyota 2 kati ya 5, na hatutaununua tena.