Kuziba mianya ya nyumba katika joto la unyevu: kipi kinunuliwe kwanza

Kabla hujatoa hata shilingi moja katika duka la vifaa vya ujenzi, zunguka nyumba yako ukijiuliza swali moja kwa kila tundu unaloliona: je, tundu hili liliachwa kwa makusudi, au limetokana na uzembe wa fundi na uchakavu wa miaka? Nyumba nyingi za Uganda zilijengwa ili zipitishe hewa. Juu ya dirisha la chuma kuna sehemu isiyofungwa, ukutani kuna matofali yenye matundu, na mara nyingi upepo huingia pia mahali ukuta unapokutana na mabati. Hizo si kasoro, na mtu anayeyaziba yote kwa saruji atajikuta analala katika chumba chenye joto, harufu na kuvu. Kinachopaswa kuzibwa ni mwanya usio na kazi, yaani ufa kati ya fremu na ukuta, nafasi chini ya mlango, tundu la bomba ambalo fundi hakulimalizia, na dirisha lisilokaa sawa.

Niseme wazi vilevile kwamba kuziba mianya hakuipoozi nyumba isiyo na kiyoyozi. Nyumba ya namna hiyo hupata nafuu kutokana na dari nzuri, kivuli, na madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Faida ya kuziba humo ni nyingine: mbu hupungua, vumbi la barabara ya murram halitandi juu ya meza, na mvua ya dhoruba inayosukumwa na upepo kutoka ziwani haipenyi pembeni mwa fremu. Chumba chenye kiyoyozi ndicho kinachodai kuzibwa hasa. Hewa yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75, ambayo si ajabu kwetu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria, huanza kuacha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 23 au chini yake. Kwa hiyo unapokipooza chumba hadi nyuzi 21 huku hewa ya nje ikiendelea kupenya, ukuta ulio nyuma ya kabati huloa kidogo kidogo bila mtu kuona, kisha kuvu huota, na mashine hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kukausha hewa ambayo haikupaswa kuingia. Uniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, huisha kwa kazi hiyo isiyo na mwisho.

Kuna sharti moja ambalo siko tayari kulilegeza. Ikiwa katika nyumba yako sigiri huingizwa ndani, hata kwa muda mfupi tu jioni ya mvua, usizibe tundu lolote la hewa katika chumba hicho wala katika chumba kinachopakana nacho. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta akiwa usingizini hapati nafasi ya kuamka. Sigiri ibaki nje au katika jiko lenye matundu wazi, na jenereta ikae mbali na madirisha umeme unapokatika. Hata chumba cha kiyoyozi kifunguliwe mlango na madirisha kila siku kwa muda, kwa sababu kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile ya ndani, hakileti mpya.

Kuitafuta mianya hakuhitaji kifaa cha kununua. Usiku, mtu mmoja amulike tochi kwa nje kuzunguka fremu huku mwingine akiwa ndani gizani akitazama mwanga unapopenya. Mchana wenye upepo, washa udi na uupitishe polepole pembeni mwa mlango na madirisha. Moshi ukiyumba, hapo pana njia. Kwa mlango, ufunge ukiwa umebana karatasi kati ya ubao na mwimo, kisha uivute karatasi. Ikitoka bila kushikwa, mlango haubani.

Sasa manunuzi yenyewe, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata.

Nafasi ya kwanza naipa kipande cha chini ya mlango, na sina shaka nayo. Mlango wenye upana wa sentimita 90 na uwazi wa sentimita moja tu kwa chini una tundu la sentimita za mraba 90, sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita tisa kwa kumi na kuliacha wazi usiku kucha. Ni nyufa chache za dirisha zinazofikia hapo. Madukani utakuta aina tatu. Ya kwanza ni bapa la alumini lenye ulimi wa mpira, linalofungwa kwa skrubu upande wa ndani wa mlango. Hilo ndilo bora kwa sakafu iliyonyooka ya vigae au saruji iliyosuguliwa. Ya pili ni bapa lenye brashi badala ya mpira, ambalo linafaa zaidi sakafu isiyo sawa, kwa kuwa nywele za brashi hufuata mabonde na vilima vidogo ambavyo ulimi wa mpira huviruka. Ya tatu ni soksi ya sponji mbili zinazokumbatia mlango kwa chini. Ni rahisi na haihitaji kutoboa, hivyo inamfaa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki mlango wake uguswe, lakini hunyonya maji ya kudekia na baada ya miezi kadhaa huanza kunuka. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na mashimo ya bapa yawe marefu kidogo kwenda juu na chini, ili uweze kurekebisha kimo mpira unapolika.

Nafasi ya pili ni wavu wa mbu, ingawa wavu hauzibi hewa. Nauweka hapa kwa sababu ndio jibu sahihi kwa matundu yale yaliyoachwa kwa makusudi, na asiyeununua ndiye baadaye huishia kuyaziba kwa saruji au kuyajaza magazeti. Mbu anayeeneza malaria hupenda sana kuingilia kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa, kwa hiyo anza huko kabla ya madirisha. Wavu wa kawaida wa mbu una nyuzi 18 kwa 16 katika kila inchi. Ule wa nyuzi za kioo hautoi kutu na ni mwepisi kukata, ila panya huutafuna. Wa chuma cha mabati huvumilia panya lakini baada ya misimu michache ya mvua huanza kula kutu. Wa alumini uko katikati. Na wa chuma kisichoshika kutu ndio unaodumu kuliko yote na bei yake inaonyesha hivyo. Binafsi ningeweka chuma kisichoshika kutu chini ya paa, mahali ambapo hakuna atakayepanda tena kukarabati, na nyuzi za kioo madirishani. Mafundi wa chuma wa Katwe jijini Kampala, au wa mji wowote ulio karibu nawe, wanaweza kukutengenezea fremu inayofunguka ili wavu uoshwe, na ni muhimu uoshwe, kwani wavu uliojaa vumbi hupunguza upepo kupita kiasi.

Nafasi ya tatu ni silikoni isiyo na asidi, ule utomvu wa kuzibia unaokamuliwa kutoka kwenye tubu, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu. Silikoni ya bei ya chini inayojaa madukani mara nyingi ni ile yenye harufu kali ya siki inapokauka. Hiyo inafaa vioo na vigae vya bafuni. Ikigusa mabati, asidi yake huanza kuila ile ngozi ya zinki, na ikipakwa juu ya saruji au chokaa haishiki vizuri. Nilijifunza hilo nyumbani kwangu Jinja, nilipozungushia fremu za chuma za madirisha mawili silikoni ya namna hiyo. Kabla ya mwaka kuisha palikuwa na michirizi ya kutu ukutani na utepe mzima wa silikoni ulibanduka kwa kuvutwa na vidole viwili. Nilipomuuliza fundi wangu mzee kwa nini hakunionya, alinijibu, "Mwanangu, uliniletea tubu mkononi, hukuniuliza." Tangu hapo huwa nageuza tubu na kutafuta neno "neutral", yaani isiyo na asidi, kabla ya kulipa. Aina hiyo hushika alumini, mabati, saruji na kioo, na huvumilia jua na mvua. Kasoro yake ni kwamba rangi haikai juu yake, kwa hiyo chagua rangi ya silikoni inayolingana na fremu, kwa kawaida nyeupe, kahawia au ile isiyo na rangi. Usipake juu ya rangi inayobanduka, vumbi au unyevu. Kwangua, futa, acha pakauke, ndipo upake.

Ya nne ni utepe wenye gundi wa EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, unaobandikwa kwenye miimo ya mlango na fremu za madirisha yanayofunguka. Umbo lake likitazamwa kwa ubavu hufanana na herufi: ule wa E ni kwa mianya ya hadi milimita tatu hivi, wa P hufika tano, na wa D ni kwa mianya mipana zaidi kidogo. Ukinunua mnene kuliko mwanya, mlango hautafunga na watoto wataung'oa kwa kuusukuma. Kwa milango ya chuma yenye mianya mikubwa, mpira wa milango ya magari unaopatikana kwa wauza vipuri wa soko la Kiseka, Kampala, hufanya kazi nzuri sana, kwa kuwa ulitengenezwa kuzuia mvua na vumbi.

Baada ya hayo, saruji na chokaa ndizo zinazostahili nyufa za ukuta na nafasi kubwa zinazozunguka fremu. Ni za bei nafuu, panya hawazili, na fundi yeyote anazijua.

Kizibo cha akriliki nakiweka nafasi ya sita. Hupakwa rangi kirahisi na husafishwa kwa maji, hivyo kinafaa kwa ndani, pale dari inapokutana na ukuta. Kwa nje mvua ikikiwahi kabla hakijakauka hukisomba, na kikikauka husinyaa.

Povu la kupulizia linapendwa na mafundi vijana kwa sababu hujaza haraka, na ndiyo maana hutumika hata pasipofaa. Jua hulifanya kuwa la kahawia na kumomonyoka, panya hulitoboa, na moto hulishika. Usilipulizie karibu na bomba la moshi wala ndani ya kisanduku cha soketi. Lina mahali pake pamoja panapofaa: tundu la bomba za kiyoyozi, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 65 hivi na ambalo wafungaji wengi huliacha limefunikwa kwa kitambaa au utepe tu. Jaza povu kwa ndani, likate likishakauka, kisha funika upande wa nje kwa silikoni isiyo na asidi.

Utepe wa sponji wa bei ya chini kabisa ndio wa mwisho. Hunyonya unyevu, hubonyea usirudi, na gundi yake huachia katika joto.

Kuhusu madirisha ya luva, yale ya vioo vilivyopangwa kama ngazi, ushauri wangu ni kutonunua chochote. Kila kioo kina mwanya wake na hakuna utepe utakaoshika yote. Katika chumba cha kawaida weka wavu uyaache yafanye kazi yake ya kupitisha hewa. Katika chumba cha kiyoyozi, fedha hiyo iende kwenye dirisha jipya linalobana.

Kiasi cha kununua hukadiriwa kwa urahisi. Tubu ya mililita 300 hutoa mstari wa mita nane hivi ikiwa mwanya una upana na kina cha milimita sita. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina mzunguko wa mita 4.8, hivyo madirisha matatu yanahitaji tubu mbili. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi na uibonyeze tubu kwa kidole gumba, kwa sababu zile zilizokaa juani mbele ya duka huwa zimeanza kuganda ndani, na muuzaji hatazipokea ukizirudisha zimekatwa ncha. Silikoni hukauka takriban milimita mbili hadi tatu kwa siku kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo kazi ya nje iwekwe Januari au Julai, mvua zikiwa zimepungua kusini mwa nchi, na ianzwe asubuhi ukuta ukishakauka umande.